Mombasa ya Babu: Picha za Safari za Mfanyakazi wa Reli kutoka Tororo

Historia ya Kiswahili nchini Uganda husimuliwa kwa bunduki. Darasani tunaanza na askari wa King's African Rifles, tunapita kwenye amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 iliyokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kisha tunafika kwa wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala Aprili 1979. Masimulizi hayo ni ya kweli, na ndiyo yanayoeleza kwa nini wazazi wengi wa Kiganda hadi leo husikia amri ya askari kila wanaposikia Kiswahili. Lakini si historia yote. Katika insha hii nataka kuonyesha njia nyingine ambayo lugha hii ilipitia hadi ikaingia katika nyumba za watu wa kawaida. Ushahidi wangu ni picha 27 za mji wa Mombasa, ambazo babu yangu mzaa baba alizipiga alipokuwa mfanyakazi wa reli mjini Tororo.

Picha hizo zilikuwa zimesahaulika. Babu alifariki kabla sijazaliwa, na kwa miaka mingi zilikaa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha bibi, pamoja na risiti za kodi na kitambulisho chake cha kazi. Zilitoka tena bibi alipohamia kwa shangazi na vitu vyake vikapangwa upya. Nyingi ni ndogo, za rangi nyeusi na nyeupe, na kingo zake zimekatwa kama meno ya msumeno kwa mtindo wa zamani. Mbili zimeliwa na wadudu. Karibu zote zina maandishi nyuma kwa kalamu ya wino, na maandishi hayo ndiyo yaliyonifanya nizichukulie kama hati za historia, si mapambo ya ukutani.

Reli iliyotufikisha pwani

Kwanza inafaa tueleze mtu wa Tororo alifikaje Mombasa. Ujenzi wa ile iliyoitwa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901. Wakati huo Kisumu ilikuwa bado ndani ya mipaka ya Uganda. Sehemu hiyo ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Baadaye njia mpya ilipita Nakuru na Eldoret, ikaingia Tororo, ikavuka Mto Nile pale Jinja, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Tororo ukawa mji wa njia panda, kwa sababu hapo ndipo tawi la kwenda Mbale na Soroti linapoachana na njia kuu.

Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika, likapatikana shirika moja la reli na bandari kwa nchi zote tatu. Kwa mfanyakazi mdogo, maana ya muungano huo haikuwa ya kisiasa. Ilikuwa kwamba fundi kutoka Tabora angeweza kuhamishiwa Jinja, gadi kutoka Voi angeweza kulala Tororo, na karani wa Tororo aliyepewa likizo angeweza kupata pasi ya kusafiri hadi baharini. Babu alianza kama kibarua wa kupakia pamba, akapanda hadi kuwa karani wa ghala la mizigo. Kwa mujibu wa bibi, safari yake ya kwanza kwenda Mombasa ilikuwa ya likizo. Kamera aliinunua kwa bei ya chini kutoka kwa mkuu wa stesheni, Mgoa, aliyekuwa anahamishwa.

Kutoka Kampala hadi Mombasa kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,300. Msafiri alitumia siku mbili au zaidi, akilala ndani ya behewa, akila alichobeba na alichonunua dirishani. Njia nzima, kutoka milima ya Bonde la Ufa hadi tambarare kavu ya Taru, lugha iliyouza mayai, ndizi na chai pale stesheni ilikuwa moja.

Kusoma tarehe ndani ya picha

Kati ya picha 27, ni 11 tu zilizoandikwa mwaka. Nyingine ilinibidi nizipe tarehe kwa kuangalia yaliyomo. Naeleza jinsi nilivyofanya kwa sababu kila mmoja wetu anaweza kuitumia njia hii kwa picha za nyumbani kwao.

Picha moja inaonyesha ukuta wa Ngome ya Yesu, ile iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Juu ya ngome inapepea bendera ya rangi moja tu, nyeusi kwenye picha, bila nyota wala mstari. Mtu asiyejua historia ya pwani angepita bila kuiona. Kumbe katika picha za aina hii rangi nyekundu hutokea ikiwa nyeusi. Bendera nyekundu isiyo na alama ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar. Ukanda wa pwani wa maili kumi, pamoja na Mombasa, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani hata wakati Waingereza wakiutawala, na bendera yake iliendelea kupepea hapo ngomeni. Hali hiyo ilikoma Kenya ilipopata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Kwa hiyo picha hiyo ilipigwa kabla ya siku hiyo.

Picha ya pili ni ya ndani ya ngome. Babu amesimama kando ya mzinga, mkono mfukoni, amevaa shati lile lile la mistari linaloonekana kwenye picha ya bendera, kwani katika ile ya kwanza alimpa kamera mwenzake ampige. Tangu 1895 hadi 1958 ngome hiyo ilikuwa jela. Mtalii hangeingia humo kupiga picha. Aliyeingia aliingia kwa pingu. Baada ya hapo ndipo ilipotengenezwa na kufanywa jumba la makumbusho. Nikiziweka picha hizo mbili pamoja napata jibu: safari hiyo ilifanyika baada ya 1958 na kabla ya mwisho wa 1963.

Nyingine inaonyesha zile pembe kubwa zinazokatiza barabara katikati ya mji. Zilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kupokea wageni wa ukoo wa kifalme wa Uingereza. Nyuma babu ameandika, "Pembe, Kilindini Road." Leo barabara hiyo inaitwa Moi Avenue. Jina la zamani peke yake linatuambia tuko kabla ya Moi kuwa rais mwaka 1978.

Ipo picha ya Daraja la Nyali, si hili la saruji tunalolijua, bali lile lililoelea juu ya maji kuanzia 1931 hadi 1980. Linaonekana lori moja, baiskeli mbili na mwanamke aliyejifunika buibui. Babu ameandika, "Daraja linapanda na bahari." Ndivyo lilivyokuwa: maji yalipojaa liliinuka, yalipokupwa likashuka.

Picha niipendayo kuliko zote ni ya Bandari ya Kale, yenye majahazi makubwa yaliyofungwa ubavu kwa ubavu. Haina mwaka, ila ina msimu. Vyombo kutoka Uarabuni na Ghuba vilikuja na upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, vikileta tende, samaki mkavu na mazulia, kisha vikasubiri kusi virudi kwao vikiwa na boriti za mikoko. Majahazi mengi kiasi hicho bandarini ni dalili ya kaskazi. Mtu wa bara kama mimi nilijifunza hapo kwamba pwani ina kalenda yake, nayo haiandikwi kwa tarakimu.

Maandishi nyuma ya picha

Sisi wanafunzi wa lugha tusiishie kwenye sura ya picha. Tuigeuze. Babu alizaliwa katika lugha ya Dhopadhola, akasoma darasa chache kwa Kiingereza na Luganda. Hata hivyo hakuna picha hata moja ya Mombasa aliyoiandikia kwa lugha hizo. Zote ziko kwa Kiswahili.

Nimeyapanga maandishi hayo kwa kufuata tarehe nilizopata, na mabadiliko yanaonekana wazi. Katika picha za mwanzo anaandika "Mji kubwa sana" na "Watu yote ya reli." Hicho ndicho Kiswahili cha kazini: maneno yapo, ujumbe unafika, upatanisho wa ngeli hauangaliwi sana. Mwalimu wetu wa sarufi angekijaza wino mwekundu. Lakini ni lugha kamili ya mahali pake. Kwa lugha hiyo treni zilipangwa, mizigo ikahesabiwa, na ajali zikaepukwa kati ya Mluo, Mkamba, Mnyamwezi, Mgoa na Mjapadhola. Ina hata historia yake ndani: "gari" limetoka kwenye lugha za Kihindi, "stesheni" na "reli" kwenye Kiingereza, nayo yamekaa pamoja katika sentensi za Kibantu bila kugombana.

Katika picha za miaka ya baadaye mambo yanageuka. Anaandika "Watu wote wa ghala." Anaandika "Ndia Kuu", si Njia Kuu. Nyuma ya picha ya wanaume wanne wakila barazani ameandika, "Ndaa ilituuma, tukala mahamri kwa mbaazi." Ndia na ndaa ni matamshi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa yale tunayoyasema njia na njaa katika Kiswahili sanifu. Hakuyapata shuleni, wala jeshini. Aliyapata barazani, kwa watu waliomkaribisha chakula. Picha hizi, zikipangwa, ni rekodi ya mtu mzima akijifunza lugha kwa kurudi mji ule ule mara kwa mara kwa sababu aliupenda.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kufika Mombasa nikiwa na nakala za picha kwenye simu. Katika Mji wa Kale nilimwonyesha mzee mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa barazani ile picha ya mahamri. Nilimwamkia, akaipokea simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda.

"Hapa ni Kibokoni, mwanangu," akasema. "Nyumba iko. Roshani ndiyo haiko."

Nikamsomea maandishi. Aliposikia "ndaa" alicheka, akaniuliza, "Huyu babuyo alikuwa mtu wa wapi?" Nilipomwambia Uganda, alitikisa kichwa. "Basi huyo alikaa na watu."

Sijapata maelezo ya isimujamii yanayolifikia hilo kwa ufupi. Kukaa na watu ni jambo ambalo sera ya lugha haiwezi kuliagiza.

Yasiyoonekana

Hata hivyo mwanahistoria hana budi kuuliza picha inaficha nini. Mombasa ya babu ni mji wa likizo. Ina ngome, pembe, majahazi, wauza madafu. Haina Mombasa ya wapagazi wa Kilindini, ijapokuwa yeye mwenyewe alianza maisha akibeba mizigo. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli na majumbani waligoma mjini humo kwa sababu ya mishahara midogo na nyumba mbovu, na mgomo huo ukakuza chama cha wafanyakazi chini ya Chege Kibachia. Babu alipoanza safari zake, kumbukumbu hiyo ilikuwa na miaka kumi na kidogo tu. Katika picha zake zote 27, kuli wa bandari anaonekana mara moja, tena pembeni, mgongo wake umegeukia kamera. Msafiri hupiga kile alichokwenda kukiona. Huo ni mpaka wa ushahidi wangu, na nausema wazi.

Kuna picha moja ambayo si ya likizo. Imepigwa gatini Kilindini. Zinaonekana sanduku za chuma zimepangwa, mabunda ya matandiko yaliyofungwa kwa kamba, na watu wengi wamesimama, wanawake wenye sari wakiwa wameshika watoto. Nyuma pana maneno mawili na mwaka: "Kilindini. Oktoba 1972."

Agosti mwaka huo Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Wengi walitoka kwa ndege kupitia Entebbe kwenda Uingereza. Wengine walipanda treni hadi Mombasa, wakachukua meli kwenda India. Treni hizo zilipita Tororo. Bibi anasema babu alisafiri na mojawapo kwa kuwa mmoja wa waliofukuzwa alikuwa mwenzake wa ofisini, na alitaka kumsindikiza hadi majini.

Tulinganishe sasa. Katika picha nyingine babu hakuwahi kuacha kuandika jina la mtu: gadi huyu, mpishi yule, mama muuza viazi. Katika hii, yenye watu wengi kuliko zote, hakuandika jina hata moja. Nilimuuliza bibi sababu. Alinijibu, "Mjukuu wangu, siku zile jina kwenye karatasi lilikuwa kitu cha kuogopa." Picha ilivuka mpaka kurudi Uganda ndani ya koti, na mwenzake wa ofisini amebaki bila jina hadi leo, maana bibi alimfahamu kwa cheo chake tu. Ukimya huu nao ni hati. Unatueleza utawala ule ulivyofika hadi nyuma ya picha ya mtu mdogo, zaidi ya ambavyo hotuba za redioni zingetueleza. Na tukumbuke kwamba serikali iliyomnyamazisha babu kwa Kiswahili chake ndiyo iliyokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka uliofuata.

Picha ya mwisho ni ya 1975. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, na uhusiano wa nchi hizo ukaharibika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la reli likagawanywa vipande vitatu. Katika vitabu vyetu tukio hilo huelezwa kwa hesabu za madeni, ndege na vichwa vya treni. Katika kopo la biskuti linaelezwa kwa namna nyingine: hakuna picha ya 26 Desemba, hakuna picha ya Idi, hakuna bahari tena. Babu aliishi miaka mingine kumi na tisa na hakuiona Mombasa.

Hitimisho

Leo mambo yamebadilika kwa kiasi. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Novemba 1999. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Reli mpya ya Kenya ilianza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, lakini inaishia Miritini upande wa bara, si kisiwani kama treni aliyoipanda babu. Mji wa kwenye picha na mji wa sasa ni mmoja, na si mmoja.

Nimejaribu kuonyesha mambo mawili. La kwanza, picha za safari zinaweza kusomwa kama hati iwapo tutauliza zilipigwa lini, kutoka wapi, na nani ameachwa nje. La pili, Kiswahili cha Uganda kina babu wengine mbali na askari. Kipo kilichokuja na pasi ya likizo, mabehewa ya daraja la tatu na mahamri ya Kibokoni, kikaingia nyumbani bila amri ya mtu. Tunapojadili kwa nini Waganda wanakikataa au wanakikubali, historia hiyo inastahili nafasi mezani.

Kazi iliyobaki ni ya haraka. Katika picha hizi nimehesabu sura 23 zinazoonekana vizuri. Kwa maandishi ya babu na kumbukumbu za bibi, tumezipatia majina sura tisa. Bibi ana miaka 88. Wafanyakazi wa reli waliokuwa vijana mwaka 1960 sasa ni wazee sana, nao wako Tororo, Jinja, Voi, Tabora, katika nyumba ambazo huenda zina makopo kama hili. Sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi hizi ndio tunaoweza kuzungumza nao wote kwa lugha waliyoitumia kazini. Tusisubiri profesa atutume.